Majani ya Mchagoni

Karakana yetu haikuchonga jani lililotoka kichwani mwa fundi. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya kwanza, na kila aliyeingia kufanya kazi aliambiwa hivyo kabla hajaoneshwa mahali pa kuweka patasi zake. Tulitengeneza vyumba. Nasema vyumba, si samani, kwa sababu mteja hakuja kuagiza kitanda peke yake. Alikaa kwenye kigoda akaeleza chumba, nasi tukampa kitanda, kabati, viti, pazia, godoro la sufi na mito, vyote vikiwa na mchoro mmoja uliotoka kwenye ubao ukaingia kwenye kitambaa. Mchoro huo ulikuwa jani, na jani lilipaswa kuchumwa mlangoni kwa mteja mwenyewe, likaletwa bichi, limefungwa katika kitambaa chenye maji. Tulilipaka chokaa upande wa mishipa, tukaligandamiza juu ya ubao wa mninga, na alama iliyobaki ndiyo patasi iliyoifuata.

Kanuni ilikuwa ya Fundi Mkuu. Karakana aliirithi kwa baba yake, na baba yake aliirithi kwa babu aliyefika Tabora na misafara akabaki kuchonga milango ya wafanyabiashara. Baada ya Azimio la Arusha tuligeuka kuwa ushirika. Sote tukawa wanachama wenye haki sawa, na yeye tukaendelea kumwita Fundi Mkuu, naye akaendelea kuamua.

Nyuma ya karakana, ndani ya ukuta wa udongo, alikuwa na bustani: mkomamanga, mlimau, waridi, mrehani, na asumini iliyopanda ukuta hadi juu. Kila asubuhi, kabla ya mtu kugusa chombo cha kazi, tulikaa humo kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Hakuna aliyeruhusiwa kuzungumzia kazi wala bei ya sukari. Fundi Mkuu aliamini kwamba mkono wa mtu aliyetoka kugombana nyumbani unaharibu ubao, na kwamba majani yanautuliza. Sijui kama ni kweli. Ninachoweza kusema ni kwamba mbao zilizoharibika kwetu zilikuwa chache, na mafundi waliotukimbia walikuwa wachache zaidi.

"Mtu akifumbua macho asubuhi," alikuwa akiwaambia wateja, "kitu cha kwanza kukiona kiwe kile alichokizoea mlangoni kwake. Hapo ataamka vizuri hata kama alilala vibaya."

Niliipenda kanuni hiyo kwa sababu ilikuwa kanuni. Shule niliiacha darasa la nne. Mengine nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, na baadaye katika madarasa ya watu wazima, ambako niliingia mwanafunzi nikaishia kusimama mbele ya ubao. Mtu aliyejifunza namna hiyo hana wa kumuuliza anapokwama, kwa hiyo hushika sana utaratibu. Nami niliushika. Katika karakana ile hapakuwa na mtu aliyefuata mshipa wa jani kwa uaminifu kuliko mimi. Mke wangu, aliyeshona pazia na kujaza magodoro katika chumba cha pili, alizoea kusema kwamba hata kama jani limetobolewa na mdudu, mimi nitalichonga na tobo lake.

Basi mama yangu akaletwa kwangu, mtaa wa Chemchem pale Tabora, akiwa hali wala halali.

Kwetu ni upande wa Lusu, njia ya Nzega. Katika miaka ile watu wa kwetu, waliokuwa wakikaa mbali mbali, kila ukoo na kiwanja chake, walihamia kijiji kipya kando ya barabara, nyumba zimepangwa kwa mistari. Mdogo wangu alihama na mke na watoto, na mama akapandishwa kwenye lori pamoja nao. Baba alikuwa amefariki zamani. Mama alipewa kiwanja chake, akajengewa nyumba ya vyumba viwili, akakataa kuingia. Alikaa nje, ameegemea ukuta, uso ameuelekeza njia ile lori lilikotokea. Mdogo wangu alivumilia kwa muda, kisha akampakia kwenye basi akamleta mjini.

"Mimi nimeshindwa, kaka," aliniambia pale stendi. "Chakula anakitazama tu. Ukimuuliza anaumwa wapi, anakwambia haumwi. Nyinyi mna hospitali, jaribuni."

Tulijaribu. Mganga wa zahanati alimpima kila mahali, akasema haoni ugonjwa, akampa vidonge vya kuongeza nguvu. Mama alivishika mkononi njia nzima.

"Amenipa dawa ya kunitia nguvu," alisema tulipofika nyumbani. "Nguvu za kufanya nini?"

Mke wangu alimpikia ugali wa mtama aliouzoea, mlenda, maziwa ya mgando tuliyoyatafuta kwa shida. Mama alikuwa akimega tonge moja, akalitafuna mpaka likaisha ladha, akasukuma sahani.

"Mkamwana, umepika vizuri. Mpe mume wako, ndiye mwenye njaa. Angalia shingo yake."

Kwa maneno hakuwa mgonjwa. Alitania, alimcheka jirani aliyekuwa akiwakemea kuku kama watu wazima, alinisahihisha Kinyamwezi changu kilichochakaa kwa kukaa mjini. Lakini mwili ulikuwa ukipungua mbele yetu. Usiku nilimsikia akigeuka na kugeuka. Asubuhi nilimkuta amekaa kitandani, amejifunga khanga, kama mtu anayengoja kuitwa. Nilimwogopea kifo, sina neno lingine. Na nilichanganyikiwa kwa namna ambayo vitabu vyangu havikunisaidia, kwa sababu kila nilipotafuta mahali pa kuanzia sikupaona.

Fundi Mkuu ndiye aliyepaona, au hivyo tulidhani.

"Unawatengenezea watu vyumba mji mzima," aliniambia katika bustani asubuhi moja, akivunja mwenyewe sheria yake ya kutozungumzia kazi. "Mama yako amelala katika chumba gani?"

"Cha watoto. Watoto wamehamia kwetu."

"Mchagoni, anapolaza kichwa, kuna nini?"

"Ukuta."

Alinitazama kana kwamba nimesema mama analala barabarani. "Mama anaamka anaona ukuta wa mtu mwingine," alisema. "Mimi pia nisingekula. Mtengenezee chumba. Mbao zitoke ushirika, nitazungumza na wanachama."

Alizungumza nao, maana yake aliwatangazia. Nikaanza kazi kama nilivyoanza kwa mteja yeyote. Jioni nilimketisha mama kwenye kigoda, nikakaa mbele yake.

"Mama, kule kwako, mlangoni, palikuwa na nini?"

"Wapi?"

"Nje ya nyumba. Ulipokuwa ukitoka asubuhi, uliona nini? Mti gani? Majani gani?"

Alifikiri. Nilifurahi kuona anafikiri.

"Hapakuwa na kitu," alisema.

"Hata mmea mmoja?"

"Palikuwa peupe, baba."

Nilimuuliza kwa njia nyingine, nikamtajia mimea ya kwetu mmoja mmoja. Alitikisa kichwa kwa kila mmoja, na mwishoni akaniuliza kama nimeanza kazi ya bwana shamba. Niliona kwamba huzuni imemfunga mdomo. Wateja wa namna hiyo tulikuwa nao, wajane hasa, ambao hawakuweza kutaja walichokipoteza. Kwa watu hao kanuni yetu ilikuwa na njia: fundi aende mwenyewe mlangoni kwao.

Mimi mwenyewe sikuweza kukumbuka. Mjomba alinichukua kuja mjini nikiwa bado nabadili meno, na tangu hapo kwetu nilikwenda kama mgeni, siku chache wakati wa mavuno. Nilikumbuka harufu ya ng'ombe, moshi, sauti ya kinu. Nilikumbuka pia mwanga mwingi mbele ya nyumba, mwanga uliokuwa ukiniumiza macho nilipotoka ndani. Mimea sikuikumbuka hata mmoja, na nililaumu utoto.

Nikachukua ruhusa, nikapanda basi la Nzega, nikashuka njiani nikatembea. Mvua zilikuwa zimeisha karibuni. Nilipotea kidogo, kwa sababu njia zilikuwa zimeanza kuziba, lakini mti wa kufungia ndama niliutambua, na kutoka hapo nikajua nimefika. Nyumba ilikuwa imeezuliwa. Kuta zilikuwa zimelainishwa na mvua, zimeinama. Na kuzunguka kuta zile, nilipotazamia kukuta vumbi, nilikuta kijani kilichonifika kifuani.

Nilisimama nikishangaa uzuri wake. Palikuwa na minyonyo yenye majani ya vidole vipana, mashina mekundu, mirefu kunizidi. Palikuwa na tunguja, jani lake pana lenye miiba midogo kwenye mshipa. Palikuwa na miranaha yenye majani ya meno meno na maua meupe marefu yaliyofunguka kama tarumbeta. Nilifikiri: haya ndiyo aliyoshindwa kuyataja. Hakuna fundi ambaye angeona majani yale asitamani ubao. Nikachuma kwa utaratibu: la mnyonyo nililitoa penye zizi la zamani, la tunguja kando ya kizingiti, la mranaha pale ilipokuwa jiko. Kila moja nikalifunga peke yake katika kitambaa chenye maji.

Mwanamke mmoja alipita na kuni kichwani. "Mwangaluka," alinisalimu, akasimama akatazama mikono yangu. "Nani anaumwa?"

"Mama yangu," nilisema, nikistaajabu amejuaje.

"Ah. Basi chukua na mizizi," alisema, akaendelea na safari yake.

Neno hilo lilinisumbua ndani ya basi. Nilielewa kwamba alinidhania mtafuta dawa, kwa kuwa mimea ile watu huitumia kwa dawa. Sikuelewa kwa nini hakujiuliza kama huenda mtu ameichuma kwa sababu ni yake.

Ule mchago niliuchonga kwa muda mrefu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Mnyonyo niliuweka katikati, umefungua vidole vyote. Tunguja zikapita chini kama mto, na miranaha ikashuka pande mbili, maua yakiinama kuelekea mahali kichwa kitakapolala. Mke wangu alidarizi pindo za pazia kwa majani yale yale, akajaza godoro sufi mpya, akashona mto. Mafundi walikuja mmoja mmoja kutazama. Fundi Mkuu alipitisha dole gumba kwenye kila mshipa.

"Mnyonyo mlangoni," alisema. "Kwa watu wa mjini ningeshangaa. Lakini sisi hatumchagulii mtu mmea wake."

"Mama atasema nini?" mke wangu aliniuliza tulipokuwa tukisugua nta, ile nta nzuri ya nyuki tuliyokuwa tukiletewa kutoka Ipole. "Umemwonesha hata jani moja?"

"Mteja haoneshwi kabla," nilimjibu. Hiyo pia ilikuwa kanuni.

Tulimwingiza mama chumbani mchana, pazia limefunguliwa, jua limeangukia mchagoni. Nilisimama mlangoni na mke wangu nyuma yangu. Mama alitembea hadi kitandani. Alinyoosha mkono akagusa jani la katikati.

"Mnyonyo," alisema.

"Ndiyo, mama."

Akashuka na kidole. "Tunguja." Kisha pembeni, polepole zaidi: "Na mranaha."

"Nilikwenda mwenyewe. Niliyachuma pale pale, mlangoni kwako."

Alikaa kidogo ukingoni mwa kitanda, mgongo akiupa ubao, akatazama mikono yake. Kisha akanyanyuka akatupita mlangoni, akaenda kukaa jikoni karibu na mafiga. Usiku ule alilala huko huko jikoni, juu ya mkeka, na kesho yake hata lile tonge moja hakulimega.

Sijui niseme nini juu ya siku zilizofuata ila kwamba nilifanya mambo ya kipumbavu kwa bidii. Nilidhani nimekosea mchoro. Majani ya asili nilikuwa nimeyakausha kati ya magazeti, nikayatoa, nikayalinganisha na ubao mshipa kwa mshipa. Kwenye tunguja moja niliona mshipa mdogo niliouruka, nikaenda na patasi kuuongeza, mama akinitazama kutoka uani kwa jicho ambalo sikulielewa. Nilibadili upande wa kitanda. Nilifikiri labda ni nta, harufu yake. Fundi Mkuu alisema nimpe muda, kwa sababu watu wengine hulia kwanza. Lakini mama hakulia. Alimwambia tu mke wangu, nami nikasikia: "Mumeo anahangaika sana. Mwambie apumzike, mimi sijamkasirikia." Maneno hayo yalinichanganya zaidi, kwa kuwa mtu hasemi hakukasirika mahali ambapo hakuna cha kukasirikia.

Asubuhi moja, tukiwa bustanini na vikombe vyetu, mama alitokea kwenye kilango cha nyuma. Alikuwa ametembea kutoka nyumbani peke yake, akipumzika njiani, vumbi limempanda hadi magotini. Tuliinuka sote.

"Shikamoo, mama," walisema mafundi.

"Marahaba, wanangu." Aliangaza macho bustani nzima, kutoka mkomamanga hadi asumini ukutani, kisha akamgeukia Fundi Mkuu kwa sauti ya chini, ya heshima. "Poleni. Mmefiwa lini?"

"Hatujafiwa, mama," alisema Fundi Mkuu. "Kwa nini?"

"Naona majani mpaka mlangoni."

"Hii ni bustani."

"Ya mboga?"

"Ya kutazama."

"Ya kutazama," alirudia. Alifikiri. "Na nyoka, nao wanakuja kutazama?"

Mafundi walicheka. Fundi Mkuu hakucheka. "Nyoka hawaji hapa. Kuna mrehani."

"Mrehani unawaambia nini?"

"Mama, karibu uketi," nilisema mimi, nikimwachia kigoda changu, kwa sababu nilianza kuona haya bila kujua haya ya nini.

Aliketi. Alipewa kahawa, akaionja, akaikunjia uso, akaishika tu mkononi. Kisha akasema, akimwelekea Fundi Mkuu na si mimi:

"Nimekuja kwa sababu ya kitanda. Mwanangu anadhani amekosea kuchonga. Mwambie hajakosea. Anaongeza mishipa usiku na mchana, atatoboa ubao. Majani ni yale yale, nimeyajua yote. Hata mahali yalipoota nimepajua. Mnyonyo umeota penye zizi. Mnyonyo unapenda zizi lililokufa. Tunguja imeota kwenye kizingiti, pasipokanyagwa tena. Mranaha umeota penye jiko langu, kwenye jivu. Ni kweli?"

"Ni kweli," nilisema.

"Mimi nilikuwa na uwanja," alisema. "Niliolewa pale nikiwa msichana, na tangu siku ile nilikuwa naamka nafagia kabla mtu mwingine hajakanyaga. Ukiangusha sindano unaiona. Jani likidondoka nalisikia. Mama mkwe wangu alikuwa akisema, ukitaka kujua kama nyumba ina mwanamke, tazama chini. Huyu aliniuliza palikuwa na nini, nikamwambia palikuwa peupe. Hakusikia."

"Nilisikia, mama. Nilidhani—"

"Ulidhani nimechoka kusema. Sasa huyu amekwenda kule, amekuta mahame, amenichongea mahame, ameyaweka kichwani pangu nilale nayo. Na amechonga vizuri, kiasi kwamba hata gizani nayaona."

Mahame ni mahali watu walipohama, nyumba zikaanguka, na majani yakachukua uwanja. Neno hili nilikuwa nalijua. Nilikuwa nimelisoma, nimelifundisha darasani. Nilikuwa nimesimama katikati ya mahame yenyewe, majani yakinifika kifuani, na halikunijia.

Fundi Mkuu aliweka kikombe chini. "Lakini, mama," alisema, na sauti yake haikuwa ya kushindana, ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli, "ndiyo yaliyokuwa mlangoni kwako."

"Ndiyo yaliyopo."

"Basi kanuni haikusema uongo."

"Haikusema."

Walitazamana. Mimi nilikuwa kati yao nikitafuta kosa lilipo, kama ninavyotafuta mahali ubao unapoyumba, na kila nilipoweka kidole palikuwa sawa. Jani lilikuwa la kwake, lilichumwa mlangoni kwake, likiwa bichi, na alama ilifuatwa. Yeye naye alikuwa amejibu kila swali nililomuuliza. Hadi leo siwezi kuchora mstari nikasema ni hapa.

Nilimrudisha nyumbani kwa baiskeli, amekaa nyuma, amenishika kiuno. Jioni ile alikula. Alikula sahani nzima, akaomba maziwa. Mke wangu alinitazama, nami nikainua mabega. Usiku alilala, si chumbani bali jikoni, lakini alilala hadi jua likatoka, kitu ambacho sikumbuki amekifanya maishani mwake.

Nilifikiri tumeshinda. Nilimwambia nitaupiga randa ule mchago, nitamwachia ubao mtupu, chumba kitakuwa cheupe kama alivyozoea, atakaa nasi kwa raha.

"Upige randa," alisema. "Kitanda nitakihitaji. Lakini usikirudishe humo ndani. Nipelekee kule kijijini, kwenye ile nyumba yangu."

"Nyumba uliyokataa kuingia?"

"Hiyo hiyo."

"Mama, kule ulikuwa huli."

"Na hapa nilikuwa sili. Umesahau upesi."

Nilimweleza kwa utaratibu kwa nini akae mjini. Nilimweleza hospitali ilipo, maji ya bomba, mkamwana anayempenda. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kama vile wanafunzi wangu wa jioni walivyokuwa wakinisikiliza wakiwa na usingizi.

"Mkamwana wangu ni mtu mzuri," alisema. "Anaamka mapema kuliko mimi, ananifagilia hadi chini ya kitanda. Hapa mimi nafagiliwa, baba."

"Na kule ulikataa kufagia. Ulikaa umeegemea ukuta."

"Kule nilikuwa nangoja."

"Unangoja nini?"

"Lori lirudi." Aliniangalia kuona kama nimeelewa. "Walituambia tuhame, hawakuniambia kule kumekufa. Mimi nilijua uwanja wangu upo, vumbi tu. Nikirudi nitafagia siku moja, nitamaliza. Unafagiaje mahali pengine wakati kwako kunakungoja? Ndipo wewe ukaja na mnyonyo."

Nilitaka kusema pole. Sikujua kama pole ndiyo neno lake. Nilikuwa nimemletea habari ya msiba kwenye ubao uliopakwa nta, pamoja na pazia za kufanana, na sasa alikuwa akinieleza kwamba habari ile ndiyo iliyomlaza. Kama nisingechonga, angekufa akingoja? Kama ningechonga uwanja mweupe, yaani nisichonge kitu, angeendelea kukaa kwangu na kuisha polepole? Nilimuuliza kama nilivyofanya lilikuwa jambo jema au baya. Alisema kwamba mimi tangu mdogo nauliza maswali yenye pembe nyingi mno, na kwamba maziwa yanachemka.

Niliupiga randa mchago karakanani, mbele ya watu. Maua ya mranaha yalitoka kwa maganda mafupi mafupi mekundu. Fundi Mkuu alisimama kando muda wote. Nilipomaliza alipitisha kiganja juu ya ubao.

"Hakijawahi kutoka humu kitu kilicho uchi namna hii," alisema. "Weka japo kimoja. Chini ya mfumbati, ule ubao wa ubavuni, ambako haoni."

"Atakiona."

"Unaamini hivyo?"

"Mwenyewe amesema gizani anayaona."

Alinung'unika, akaenda, akarudi na bonge la nta, akavua kofia akaiweka pembeni, akaanza kusugua upande wa pili. Baadaye, wateja wapya walipokuja, nilimsikia akiwauliza swali ambalo hakuwahi kuliuliza: kama kwao wanapanda au wanafagia. Wengi hawakumwelewa, na sidhani kama mwenyewe alijua afanye nini na majibu yao.

Kitanda kilisafiri juu ya basi, mama ndani, mimi kando yake. Tulikifunga katika chumba cha mbele cha ile nyumba ya mstarini. Alikikalia, akakitikisa, akasema hakilii. Kisha akanifukuza nikapande basi la kurudi kabla halijaondoka, kwa sababu kesho yake ilikuwa siku ya kazi.

Nilirudi kumtazama baada ya mavuno. Niliwasili asubuhi mapema, usingizi wa basi haujanitoka, nikazihesabu nyumba za mstari ule kwa macho kwa sababu zote zilifanana. Ya kwake niliijua nikiwa mbali. Kila nyumba ilikuwa na majani yake, maboga, mihogo michanga, mgomba mmoja mmoja. Mbele ya ile palikuwa patupu kabisa, udongo mwekundu ulioshindiliwa, na alama za ufagio zikipita upinde kwa upinde kutoka mlangoni hadi pembezoni, mpya, hakuna aliyezikanyaga bado. Mama alikuwa mlangoni. Alikuwa amenenepa. Nilimwona kabla hajaniona, na nilifurahi, na papo hapo nikahisi kama mtu aliyefika kwenye nyumba ambayo haina haja naye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umelala salama? Pita."

Nilitazama chini. Kutoka nilipokuwa hadi mlangoni hapakuwa na njia, palikuwa na kazi yake tu ya asubuhi ile.

"Nipite wapi?"

"Kwani uwanja huuoni?" alisema. "Pita tu."

Nilivua viatu nikavishika mkononi, na bado nilibaki nimesimama pembeni, nikitafuta mahali pa kuweka mguu wa kwanza.